Je, Wajua Kifafa Huanzia Wapi Kichwani?

Je, wajua kwamba mwaka 1886, Victor Horsley wa London aliwapasua wagonjwa wa kifafa bila picha yoyote ya ndani ya kichwa? Eksirei yenyewe iligunduliwa 1895. Alitazama kovu la jeraha la zamani, akauliza ni kiungo gani hutangulia kutetemeka: kidole gumba, uso au mguu. Madaktari wanaliuliza swali hilo mpaka leo, na video ya simu iliyochukuliwa na ndugu huwasaidia sana.

Je, wajua kwa nini chimbuko la kifafa linatafutwa? Watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu theluthi yao dawa haziwatulizi. Kwa baadhi yao kifafa huanzia sehemu moja ndogo. Ikijulikana ilipo, na ikiwa haibebi kazi nyeti kama usemi, inaweza kuondolewa na mtu akaacha kuanguka. Anayemwambia mgonjwa kwamba ana pepo anamfungia mlango huo.

Je, wajua kwamba EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kilianza na Mjerumani Hans Berger mwaka 1924? Adui wake ni fuvu. Mfupa hupitisha umeme kwa taabu, hivyo ishara hufika kwenye ngozi ya kichwa ikiwa imefifia na kutawanyika.

Je, wajua kwamba mwaka 1853 Hermann von Helmholtz alionyesha kuwa umeme unaopimwa nje ya kitu unaweza kutokana na mipangilio isiyohesabika ya vyanzo vilivyo ndani? Ni kama kivuli ukutani: vitu vingi tofauti vinaweza kutoa kivuli kimoja. Kwa hiyo kila programu ya kukokotoa chimbuko huanza na dhana. Moja hudhani chanzo ni nukta moja. Nyingine huusambaza umeme kwenye gamba lote la ubongo, kisha huchagua jibu linalohitaji nguvu ndogo kabisa. LORETA, ya mwaka 1994, huamini kwamba sehemu jirani hufanya kazi pamoja. Rekodi ile ile inaweza kutoa madoa tofauti. Ukionyeshwa doa jekundu kwenye skrini, una haki ya kuuliza limepatikana kwa dhana ipi.

Je, wajua kwamba MEG hupima usumaku wa ubongo, ambao fuvu haliuvurugi sana? Lakini ni hafifu mno kuliko usumaku wa dunia, ndiyo maana mashine hukaa katika chumba maalumu kilichokingwa. Vyanzo vilivyo ndani sana huiponyoka.

Je, wajua kwamba kwa SPECT, picha ya mtiririko wa damu, muuguzi hukaa kando ya kitanda na sindano tayari? Kifafa kikianza tu, anachoma dawa yenye mionzi. Ndani ya dakika moja hivi inafika kwenye ubongo na kunasa zaidi mahali damu inapokwenda kwa wingi. Mgonjwa anaweza kupigwa picha baada ya saa nzima, ameshatulia, na bado ikaonyesha hali ya wakati ule wa kuanguka. Sindano ikichelewa, kifafa kimeshasambaa na picha husingizia eneo jirani. PET hufanya kinyume: humpima mgonjwa akiwa ametulia, na eneo lenye kasoro mara nyingi huonekana likitumia sukari kidogo.

Je, wajua ni njia ipi ilishinda zilipopambanishwa? Mwaka 2011 watafiti wa Geneva walichapisha matokeo ya wagonjwa 152 waliopasuliwa. Miongoni mwa waliopona, EEG ya elektrodi (vipokezi vya umeme) 128 hadi 256, ikiunganishwa na MRI, picha ya sumaku ya ubongo wa mgonjwa mwenyewe, ilikuwa imeonyesha eneo lililokatwa kwa asilimia 84. MRI peke yake ilipata 76, PET 69, SPECT 58. Elektrodi zikiwa chache na kichwa cha mfano kikitumika badala ya cha mgonjwa, EEG ilishuka hadi 57. Ushindi huo, kwa maoni yangu, ni habari njema kwa hospitali zisizo na mabilioni: EEG ni nafuu kuliko mashine nyingine zote hizo, ingawa bado inahitaji MRI ya mgonjwa.

Je, wajua kinachofanyika picha zikipingana? Elektrodi nyembamba hupenyezwa ndani ya ubongo wenyewe, njia iliyoasisiwa Paris na Jean Talairach na Jean Bancaud, kisha kifafa kinasubiriwa kwa siku kadhaa. Hapo picha bado zinahitajika, kwa sababu elektrodi husikia pale tu ilipochomekwa.