Simba, Mlima na Jogoo: Ligi Kuu ya Nembo za Filamu

Watoto waliokulia vibanda umiza hawakuhitaji kusoma jina la picha. Nembo ikiwaka tu kwenye runinga, walishajua kama leo ni ngumi, ni Kihindi au ni vita, na mbishi alitolewa nje. Zile sekunde chache kabla staringi hajatokea zina ligi yake, na ligi hiyo imechezwa kwa zaidi ya miaka 110. Wamo wakongwe, warefu, wenye mbio, wenye kelele, na matapeli pia. Huu hapa msimamo. Hakuna sare!

1. KAMPUNI KONGWE KULIKO ZOTE: UA LA MAMA

Kombe linakwenda Ufaransa. Gaumont ilianzishwa mwaka 1895, na bado inatengeneza filamu. Mwaka huo reli ya kutoka Mombasa haikuwa imelazwa hata taruma moja, na Nairobi ilikuwa bado miaka minne izaliwe. Nembo yake ni ua la deizi, heshima ya mwasisi Léon Gaumont kwa mama yake aliyeitwa Marguerite, jina ambalo kwa Kifaransa ni la ua hilo pia.

Nyuma yake kwa mwaka mmoja tu yupo Pathé, 1896, na jogoo wake. Huyu alikuwa jogoo wa kazi. Wezi wa filamu walipozidi, Pathé walianza kumweka ndani ya picha zenyewe, kwenye mapambo ya nyuma ya waigizaji, ili anayetoa nakala ya magendo aitoe na jogoo wa watu. Wanaobandika majina yao pembeni ya video za simu leo wamechelewa zaidi ya miaka mia moja.

2. MLINZI ASIYECHOKA: DUBU WA DENMARK

Nordisk Film ya Copenhagen ilianzishwa na Ole Olsen mwezi Novemba 1906, wakati vita vya Maji Maji vikiendelea kusini mwa Tanganyika. Nembo yake ni dubu mweupe aliyesimama juu ya tufe la dunia, na hadi leo hajashuka. Alikuwa na miaka sita kazini Universal na Paramount zilipoanzishwa, zote mbili mwaka 1912. Wakubwa wa Hollywood ni wadogo zake.

3. NEMBO KONGWE YA HOLLYWOOD: MLIMA WA PARAMOUNT

Huko Marekani bingwa ni mlima. Mwaka 1914 W. W. Hodkinson, aliyewahi kuendesha ukumbi wa sinema mjini Ogden, Utah, alichora kilele chenye theluji kikizungukwa na nyota. Inasimuliwa kwamba aliuchora kwenye kipande cha karatasi katikati ya kikao, akikumbuka mlima Ben Lomond aliouona kila siku alipokuwa Utah. Nyota zilikuwa 24, moja kwa kila mwigizaji aliyekuwa na mkataba. Leo zimebaki 22.

Sasa tuupime. Ben Lomond una urefu wa mita 2,961. Kilimanjaro ina mita 5,895. Mlima uliotisha kumbi za dunia nzima unazidi nusu ya Kilimanjaro kwa mita kumi na tatu tu! Anayepanda kwa njia ya Marangu analala usiku wa kwanza Mandara, kwenye mita zipatazo 2,700. Kesho yake, akiwa bado njiani kwenda Horombo, anakuwa ameshaipita Paramount na chai hajanywa.

Mlima huo una rekodi nyingine ndogo ninayoipenda. Katika filamu ya kwanza ya Indiana Jones, mwaka 1981, Steven Spielberg aliuyeyusha mlima wa nembo ukageuka kuwa mlima halisi, na hadithi ikaanza palepale. Nembo chache zimewahi kuigiza vizuri kiasi hicho.

4. UTAWALA MREFU: SIMBA ALIYEKAA MIAKA 64

Hapa ligi inachangamka. Kampuni ya MGM imewahi kutumia simba saba wa kweli. Wa kwanza, Slats, alizaliwa bustani ya wanyama ya Dublin, Ireland, mwaka 1919. Alishika nafasi kuanzia 1924 hadi 1928, akaishia kutazama kulia na kushoto bila kusema kitu. Filamu zenyewe zilikuwa hazina sauti. Wakafuata Jackie, Telly, Coffee, Tanner na George. Tanner alikuwa wa filamu za rangi, Jackie wa nyeusi na nyeupe, na wawili hao waliendelea kwa zamu hadi mwaka 1956.

Kisha akaja Leo mwaka 1957, na hapo rekodi zote zikavunjika. Alipotokea mara ya kwanza, Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa bado chini ya Waingereza. Alikuwepo uhuru ulipokuja, akawapita Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete na Magufuli, akaondoka mwaka 2021, mwaka ule ule Rais Samia alipoapishwa. Miaka 64! Simba wa porini akifika miaka 14 anahesabiwa mzee, kwa hiyo Leo alitawala kwa umri wa zaidi ya simba wanne. Aliyempokea hana hata unyoya mmoja: ni simba wa kompyuta.

5. SAUTI KUBWA KULIKO ZOTE: NGURUMO YA KUAZIMA

Jackie ndiye simba wa kwanza kusikika. Ilikuwa mwaka 1928, katika filamu ya White Shadows in the South Seas, na sauti yake ilitoka kwenye santuri iliyopigwa ukumbini sambamba na picha. Watu waliozoea simba bubu waliruka vitini.

Simba wa kweli husikika umbali wa kilomita 8, yaani akinguruma Kariakoo, Ubungo wanafunga madirisha. Ungedhani hiyo inatosha kwa Hollywood. Haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fundi wa sauti Mark Mangini alipewa kazi ya kuitengeneza upya ngurumo ya MGM, akaona simba hana ukali unaotakiwa. Akachukua sauti ya chui milia, mnyama wa Asia, akaitia mdomoni mwa Leo. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, na kwa miaka mingi wananchi wake wamekuwa wakitishwa na simba anayeongea lugha ya kigeni. Kombe anapewa, lakini kwa malalamiko.

Rekodi ya kinyume nayo ni yake. Katika Ben-Hur ya mwaka 1959, simba alionekana akiwa kimya kabisa, mdomo umefungwa. Filamu inaanza na kuzaliwa kwa Yesu, na mwongozaji William Wyler aliona si adabu kumngurumia mtoto mchanga.

6. AJALI MBAYA KULIKO ZOTE: SIMBA ANGANI

Mwezi Septemba 1927 wakuu wa matangazo wa MGM walipata wazo ambalo hata mlevi angeomba alitafakari kwanza: kumsafirisha simba wao kwa ndege ndogo kutoka San Diego hadi New York, bila kutua. Umbali huo ni kilomita zipatazo 3,900, zaidi kidogo ya kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town kwa anga. Simba aliwekwa ndani ya kizimba nyuma ya rubani Martin Jensen, ambaye mwezi uliotangulia tu alikuwa amemaliza wa pili katika mashindano ya kuruka hadi Hawaii.

Hawakufika hata robo ya njia. Ndege iliangukia milima ya Arizona. Jensen alitoka mzima, akamwacha simba kizimbani na kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Waokoaji walipofika walimkuta simba yupo hai, ana njaa na hasira. Hakuna nembo nyingine duniani iliyodondoka kutoka angani ikarudi kazini.

7. UTAWALA MFUPI: FILAMU TATU BASI

MGM tena. Mwaka 1966 waliona simba wa kweli amepitwa na wakati, wakachora kichwa cha simba cha mistari, kimekaa kwenye duara kama stempu. Kilitumika katika filamu tatu tu: Grand Prix, The Subject Was Roses na 2001: A Space Odyssey. Kisha Leo akaitwa arudi. Kocha wa timu kubwa ya Dar akifungwa mechi tatu hupata muda wa kuaga. Mchoro huu haukupata.

8. MWENYE MBIO: NDEGE YA UNIVERSAL

Mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia ya 1930, nembo ya Universal ilikuwa tufe la dunia na ndege ndogo inayolizunguka. Tumpe rubani sekunde 20 nzima kwa mzunguko mmoja, na huo ni ukarimu mkubwa. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000. Maana yake ndege ile ya panga inakwenda kilomita 2,000 kwa sekunde moja: Dar es Salaam hadi Nairobi, kurudi Dar, na kwenda tena Nairobi, kabla hujamaliza kutamka neno "karibu". Hakuna nembo iliyoikaribia tangu hapo.

9. KINA KIREFU: TUFE LILILOZAMA

Universal hiyo hiyo, mwaka 1995, filamu ya Waterworld. Tufe linatokea kama kawaida, kisha barafu ya ncha ya dunia inayeyuka, bahari inapanda na mabara yanamezwa moja baada ya jingine. Kilimanjaro na nusu-Kilimanjaro ya Paramount, zote chini ya maji. Kuwazamisha wapinzani wako wote kwa nembo ni ushindi wa aina yake.

10. SANAMU NDEFU: WAFANYAKAZI WA MOSFILM

Nembo nyingi ni michoro. Ya Mosfilm ya Moscow ni chuma. Ni sanamu ya mfanyakazi mwenye nyundo na mwanamke mkulima mwenye mundu, kazi ya Vera Mukhina, iliyopelekwa maonyesho ya Paris mwaka 1937 na kusimamishwa uso kwa uso na banda la Ujerumani ya Hitler. Ina urefu wa mita 24.5. Pandisha twiga wanne juu ya vichwa vya wenzao na huenda wasiifikie. Tangu mwaka 1947 ndiyo inayofungua filamu za studio hiyo.

11. UTAPELI MKUBWA: UPATU WA KARATASI

Hili ndilo kombe lililonipa raha zaidi kuligawa. Nembo ya kampuni ya Rank ya Uingereza ilikuwa pande la mtu, kifua wazi, anayepiga upatu mkubwa kumshinda yeye mwenyewe. Tangu miaka ya 1930 walipokezana wanaume wanne, na hawakuwa wa kuokoteza. Mmoja, Billy Wells, alikuwa bingwa wa ndondi uzito wa juu Uingereza kuanzia 1911 hadi 1919. Wa mwisho, Ken Richmond, alikuwa mwanamieleka aliyerudi na medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952.

Misuli ya kweli, basi. Upatu je? Wa karatasi na gundi! Angeupiga sawasawa ungetoboka. Mlio uliotetemesha kumbi ulipigwa studioni na James Blades, mpiga ngoma mashuhuri, kwenye upatu wa Kichina mdogo sana kuliko ule unaoonekana. Upatu wowote wa harusi ya Pwani ungeuaibisha ule wa kwenye picha.

12. WALIOKOSA KOMBE KWA KIDOGO

Tarumbeta za 20th Century Fox. Alfred Newman alizitunga mwaka 1933, na zilikuwa na umri wa miaka 18 redio ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951. Ghorofa lile la dhahabu na taa zake lilianza kama mchoro wa Emil Kosa, ambaye baadaye alishinda Oscar kwa kazi yake katika filamu ya Cleopatra. Mwaka 2018, kwa ajili ya filamu ya Bohemian Rhapsody, ya maisha ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, tarumbeta zilitolewa na wimbo ukapigwa kwa gitaa la Brian May. Jina Fox liliondolewa mwaka 2020, tarumbeta zimebaki.

Mwanamke wa Columbia mwenye mwenge. Mchoro unaotumika tangu miaka ya 1990 ni wa Michael Deas. Aliyesimama mbele ya kamera ili achorwe alikuwa mfanyakazi wa gazeti la New Orleans, amejifunga shuka, katika saa yake ya chakula cha mchana. Hakuwahi kuwa modeli kabla ya hapo wala baada.

Na R.K. Films ya Bombay, kwa wapenzi wa picha za Kihindi. Nembo yake imechukuliwa kutoka picha yake yenyewe, Barsaat ya mwaka 1949: Raj Kapoor ana fidla mkono mmoja, na Nargis ameegemea mkono wa pili. Kwa mapenzi peke yake ingekuwa ya kwanza. Tatizo ni kwamba hatukuweka kombe la mapenzi.

MSIMAMO WA MWISHO

Ufaransa imeondoka na umri, Denmark na uvumilivu, Urusi na urefu, Uingereza na utapeli. Universal ina vikombe viwili, mbio na kina. Paramount ina kimoja. MGM ina vinne: utawala mrefu, utawala mfupi, sauti na ajali, kimoja kikiwa na malalamiko ya chui milia. Ubingwa wa jumla ni wa Simba. Mashabiki wa Yanga mtatuwia radhi, lakini matokeo ndiyo hayo.