Ushanga na Waya: Tazama Tundu Kabla ya Rangi

Henry Morton Stanley alipotua Unguja Januari 1871, akijiandaa kwenda bara kumtafuta Dk. Livingstone, moja ya kazi zilizomtoa jasho mjini ilikuwa kuchagua ushanga. Hapakuwa na kitabu cha kumwelekeza. Ilimbidi awaulize wafanyabiashara Waarabu waliozijua njia za misafara, nao wakamfumbua macho. Wanyamwezi walitaka shanga nyekundu. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingine hazikununua hata kibaba cha mtama. Nyeupe zilipendwa Ufipa, lakini ukizifikisha Ukonongo ni hasara. Waya wa shaba nao ulikuwa na kipimo chake: uliotakiwa ulikaribia unene wa waya wa telegrafu. Msafara uliokosea rangi ungeweza kulala njaa huku wapagazi wamelemewa na mali.

Habari hizi zimezoeleka kusimuliwa kana kwamba watu wa bara walihadaiwa kwa vitu vya kung'aa. Mimi nasoma kinyume chake. Hawa walikuwa wanunuzi wakali, waliojua wanachokitaka hadi kwenye unene wa waya, na mwenye mali ndiye aliyelazimika kuwafuata. Ukali huo ndio ninaoukosa leo nikipita kwenye meza za mapambo ya mikono, iwe Kariakoo au kwenye masoko ya Kimasai ya Nairobi. Mteja anatazama rangi, anauliza bei, anavaa. Mtungaji naye mara nyingi amenunua vifaa vyake hivyo hivyo: rangi kwanza, bei pili, basi.

Na si kwamba ufundi huu umetujia juzi. Huko Tumbe, Pemba, wanaakiolojia wamefukua vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugulia shanga, kazi iliyofanyika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mtu alikaa chini, akasugua shanga zake hadi zikalainika ukingo wote. Wamasai nao walijipamba kwa mbegu, mifupa, chuma na shaba kabla shanga za kioo hazijawafikia kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Nyingi kati ya shanga zinazotungwa leo Umasaini zinatoka mbali, katika mji wa Jablonec nad Nisou, Jamhuri ya Cheki, ambako kazi ya kioo imerithishwa vizazi kwa vizazi. Nyingine zinatoka China na India, na zile za Japani hupatikana kwa nadra na kwa bei kubwa.

Tofauti kati ya asili hizi unaionea tunduni. Ushanga mdogo wa kioo huzaliwa ukiwa sehemu ya mrija mrefu. Mrija unakatwa vipande vidogo vidogo, kisha vipande vinapashwa moto huku vikizungushwa ili kingo ziyeyuke kidogo na kuviringika. Kiwanda kinachoharakisha hatua hiyo kinakuletea ushanga mzuri kwa macho lakini wenye makali mdomoni mwa tundu. Kila mvaaji anapogeuza shingo, makali hayo yanakwaruza uzi. Baada ya miezi michache kidani kinakatika ndani ya daladala, shanga zinamwagika chini ya viti, na lawama zinamwendea aliyetunga. Kwa hiyo kabla ya kununua, pitisha uzi laini wa pamba kwenye shanga chache na uuvute mbele na nyuma. Uzi ukitoka na manyoya, warudishie wenyewe.

Jambo la pili ni ulingano. Shanga hizi hupimwa kwa namba, na namba ikipanda ushanga unapungua: namba 6 una takriban milimita 4, namba 8 karibu milimita 3, namba 11 karibu milimita 2. Katika fungu la bei nafuu utakuta zenye namba moja zikiwa nene, nyembamba na nyingine zimekatwa upande. Kwa mkufu wa nyuzi nyingi zinazoning'inia, hilo halina shida, na pengine linaleta uhai. Kwa ukosi bapa wa Kimasai, ambako kila mzunguko unategemea ule wa ndani yake, shanga tano nene zinatosha kulipindisha pambo zima kama sinia lililoangushwa. Nimewaona akina mama wakichambua shanga juu ya kanga mchana kutwa kwa sababu hiyo, na hakuna anayewalipa kwa saa hizo.

Rangi inakuja baada ya hapo, nayo ina hila zake. Kuna kioo kilichoyeyushwa pamoja na rangi yake, na kuna kioo kilichopakwa tu, juu au ndani ya tundu. Cha kwanza hakichuji. Cha pili, hasa waridi na zambarau, huweza kufifia kwa jua na jasho hadi kikawa na rangi ya maji ya mchele. Chukua shanga kumi, zilaze usiku mmoja ndani ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, asubuhi zisugue kwa kitambaa cheupe. Nyingine kumi ziweke dirishani penye jua kali kwa wiki kadhaa. Na kama unashuku umeuziwa plastiki badala ya kioo, ziguse midomoni: kioo ni baridi, plastiki haina baridi hiyo.

Kwenye madini ndipo madhara yanapovuka mfuko na kufika kwenye ngozi, kwa hiyo hapa naomba msomaji asiharakishe. Kabla ya kuuliza madini gani ni mazuri, uliza yatakaa wapi mwilini. Kipande kinachoning'inia chini ya hereni kinaweza kuwa cha karibu madini yoyote. Kijiti kinachopita ndani ya tundu la sikio kiko kwenye nyama ya mtu.

Adui mkubwa hapo ni nikeli. Ni rahisi, inang'aa, na hutumika chini ya mapambo mengi yaliyochovywa ili yafanane na dhahabu au fedha. Uchovyo ukishalika, nikeli inakutana na jasho, na kwa watu wengi ngozi inawasha, inavimba, inatoa maji. Mwili ukishaikataa nikeli, kwa kawaida unaikataa maisha yote. Ulaya ililichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kupitisha mwaka 1994 kanuni ya kupunguza nikeli inayotoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi. Huku kwetu msichana huambiwa tu kwamba ana masikio ya dhahabu, kwamba vya bei rahisi havimpendi, na akina mama wamekuwa wakilisema hilo muda mrefu kabla ya yeyote kuwatajia nikeli. Pia jihadhari na ile inayoitwa fedha ya Kijerumani: ni shaba, nikeli na zinki, na fedha haimo hata chembe.

Kwa ndoano za hereni, chuma cha pua kisichoshika kutu kinafaa wengi. Nikeli imo ndani yake, lakini imefungwa imara na inatoka kidogo sana. Fedha halisi ni bora zaidi kwa mwenye uwezo. Ile yenye muhuri wa 925 ina fedha sehemu 925 kati ya 1,000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa maana fedha tupu ni laini mno kwa pambo la kuvaliwa kila siku. Masonara wa Omani walizoea kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 ambazo zilitumika pia sokoni Unguja. Zilikuwa na fedha kama asilimia 83, na bangili zao zipo hadi leo. Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, nao husuguliwa ukatoka. Anayeikataa bangili ya bibi yake kwa sababu imekuwa nyeusi ananisikitisha.

Sumaku ndogo isikosekane mkobani. Ikinasa kwenye kitu ulichoambiwa ni fedha au shaba, umeuziwa chuma kilichochovywa. Isiponasa, bado hujathibitisha kitu, maana nikeli iliyochanganywa na shaba nayo mara nyingi hainaswi.

Shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki ambao mafundi wengi huuita brasi, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa bangili na vipande vya kuning'iniza. Kibera kuna karakana zinazoyeyusha kufuli mbovu na bomba za maji zilizochakaa, zikamimina kwenye mchanga na kutoa mapambo yanayofika hadi maduka ya Ulaya. Itaacha alama ya kijani mkononi kwa baadhi ya watu. Hiyo ni shaba ikikutana na jasho, huoshwa ikatoka. Lakini bomba na kufuli mara nyingi huwa na madini ya risasi kiasi, yaliyowekwa ili brasi ikatike vizuri kiwandani. Fundi anayevuta moshi wa tanuri hilo bila dirisha anajiumiza kuliko mvaaji yeyote, na mnunuzi mkubwa anayeagiza mamia ya vipande ana wajibu wa kuuliza karakana inapitisha wapi moshi wake.

Kwa sababu ya risasi hiyo pia, brasi ya kuyeyushwa upya sishauri apewe mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Shanga za kioo za rangi nyekundu, machungwa na njano kali nazo baadhi zimetiwa kadimiamu, madini yenye sumu. Kwa shanga za kiuno cha kichanga, chagua kioo cheupe au buluu kutoka kwa muuzaji anayejua kilikotoka, tunga kwa uzi imara wa nailoni uliosukwa badala ya mshipi wa kuvulia, ambao jua huufanya ukakamae na kukatika, funga fundo kila baada ya shanga chache ili uzi ukikatika zisimwagike zote, na usitie kifungio chochote cha madini.