Maji Yafike Jaruba la Mwisho

Hapa Madibira maji ya Mto Ndembera hulisha mashamba ya mpunga yapatayo hekta 3,000, yaliyotengenezwa katika miaka ya 1990. Lakini mto haujigawi wenyewe. Sharti banio litunzwe, mifereji isafishwe, majaruba yasawazishwe, na miche iwe tayari kitaluni. Kila kazi kwa wakati wake. Twaijua nyumba moja iliyopanda mapema, ila wenzao wa juu hawakufyeka magugu mferejini. Maji yakachelewa, miche ikanyauka, na watoto wakalala njaa kwa uvivu wa wengine. Basi yatupasa kumchagua mtu mmoja azisimamie kazi zote, tangu banioni hata ghalani, nasi tumtii. Kidole kimoja hakivunji chawa.