Kufundisha Kasi ya Dawa za Asidi ya Tumbo

Mwalimu atakayefundisha Kashaulili, mjini Mpanda, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa asidi. Watoto husikia wazee wao wakilalamikia kiungulia, na dawa zake huuzwa katika maduka ya dawa. Swali watakalouliza ni hili: Je, dawa ipi hupunguza asidi upesi zaidi? Swali hili ni jema, lakini likijibiwa kwa pupa humwachia mtoto fikra potofu.

Maarifa ya Mwalimu

Dawa hizi ni za aina tatu. Ya kwanza huikabili asidi iliyokwisha kumwagika tumboni na kuizimua, kama ifanyavyo hidroksidi ya magnesiamu. Nafuu huja kwa dakika chache, lakini haidumu. Ya pili, kama simetidini na famotidini, huzuia mojawapo ya ishara zinazoziamuru seli za tumbo zitoe asidi. Huanza kazi kwa muda wa saa 1 hivi na kudumu kwa saa kadhaa. Ya tatu, kama omeprazo, hufunga pampu zenyewe zitoazo asidi. Kwa kuwa hufunga pampu zinazofanya kazi tu, humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku 3 hadi 5. Hata hivyo, ndiyo yenye kupunguza asidi kwa wingi na kwa muda mrefu kupita zile mbili.

Jaribio la Kwanza

Andaa bilauri mbili zenye kipimo kilekile cha maji ya limau na maji ya choya. Rangi itakuwa nyekundu. Tia magadi yaliyosagwa katika moja, na bonge la magadi lenye uzito uleule katika nyingine. Wanafunzi watazame povu, rangi na saa. Watagundua kwamba unga hufanya kazi upesi kuliko bonge. Waonye wasionje kitu chochote.

Sasa uliza: Tukitia omeprazo katika bilauri, rangi itabadilika? La. Dawa hiyo haipigani na asidi iliyomo. Hupitia katika damu na kuzifikia seli. Bilauri haina seli. Kumbe jaribio zuri laweza kutoa jibu la uongo likitumiwa mahali pasipolifaa.

Jaribio la Pili

Weka beseni lenye tundu dogo chini ya bomba, maji yakiingia na kutoka kwa kasi moja. Kundi la kwanza lichote maji kwa kikombe mara moja, kisha liache. Kundi la pili, maji yakisharudi kimo chake, lifunge bomba bila kuchota. Kila dakika wapime kina na kuchora mchoro. Mstari wa kwanza utashuka ghafla na kupanda tena. Wa pili utashuka polepole usirudi juu.

Hitimisho

Wanafunzi watofautishe upesi, wingi na muda. Mgonjwa asiyejua tofauti hiyo huitupa omeprazo siku ya kwanza akidhani haifai. Mwisho, mwalimu si tabibu: asiagize dawa. Afundishe kwamba anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami apelekwe hospitali bila kukawia.