Mtu wa Tano

Katika mbio za nyika za vyuo vya Marekani hukimbia vijana saba wa kila timu, lakini nafasi zinazohesabiwa ni za watano wa mbele. Hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo kabisa ndiyo ishindayo. Basi mtu wa tano, ambaye jina lake ni nadra kutiwa gazetini, akipitwa na kundi karibu na utepe huwaangusha sahibu zake wanne waliokwisha kufika. Mpwa wangu, aliyejaaliwa kusoma na kukimbia katika chuo kimoja cha Texas, alikuwa mtu wa tano. Tena alikuwa na mchumba Tanga.

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kimeweka ukomo wa saa 20 za mazoezi kwa juma na saa 4 kwa siku, pamoja na siku moja ya mapumziko. Na siku ya mashindano, hata basi likiondoka alfajiri na kurejea usiku wa manane, huhesabiwa kuwa saa 3 tu, hesabu ambayo mwenye duka wa Ngamiani, huko Tanga, angeionea haya.

Walakini ugomvi haukuzuka katika saa hizo. Binti wa Tanga hakulalamikia mazoezi, wala timu haikulaumu mahaba. Kilichogombewa ni wakati usiomo katika kanuni yoyote, ule wa baada ya chakula cha jioni, vijana wanapobarizi sakafuni, huyu amefunga barafu kwenye muundi, yule akisimulia upuuzi wake wa kila siku. Maana humo, aghalabu, ndimo timu inamofinyangwa. Yule binti, mwanafunzi wa uuguzi, huamka saa 11 alfajiri, nayo Texas ni saa 3 usiku. Simu ikilia, mpwa wangu huinuka akaenda kuketi ngazini. Novemba Wamarekani waliporudisha saa zao nyuma, simu ikaanza kuingia saa 2, sahani zingali mezani.

Suleiman Nyambui, aliyetwaa nishani ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alisoma El Paso, katika Texas hiyo hiyo, akikimbia timu moja na Mtanzania mwenziwe Gidamis Shahanga. Zama zile za barua za ndege, mahabubu wa mbali hakuweza kupiga hodi katikati ya baraza. Siwahusudu, barua haina sauti.

Mpwa wangu, wenzake hawakumtamkia neno, ila waliacha kumwekea nafasi yake ukutani. Kisha usiku mmoja nahodha akamfuata ngazini, akaomba simu, na kwa adabu kubwa akamwamkia binti yule, hirimu yake, kwa neno pekee la Kiswahili alilolijua: "Shikamoo!" Tanga pakawa kimya kitambo, halafu sauti yenye usingizi, ikijizuia kucheka, ikaitika, "Marahaba, mwanangu," na simu ikachukuliwa ndani, ikaegemezwa kwenye ndoo ya barafu, kila mmoja akitaka naye aamkie.