Kabla ya kuingiza wufa kwenye buti la Beetle

Umepata Volkswagen Beetle ya zamani, labda ya babu, iliyolala uani miaka na mikaka. Sasa unataka kuirudisha barabarani. Poa sana! Plani yako naijua: rangi mpya, rimu kali, halafu plaiwudi, kapeti na wufa kwenye buti.

Hapo kwa buti, tulia kwanza.

Beetle ina injini nyuma na buti mbele. Ukilifungua, kwa Beetle nyingi utakuta gurudumu la spea limesimama kwenye pua ya gari, na nyuma yake tangi la petroli. Kuna pia kadibodi ngumu iliyokatwa kwa vipimo vya gari hilo, inayofunika tangi na nyaya za nyuma ya deshibodi. Fundi wa mtaa akiiona imechakaa, anaitupa. Lakini bila hiyo, mizigo yako inagongana na nyaya, hatua chache tu kutoka kwa petroli. Na skrubu moja ndefu ya kufungia wufa ikitoboa tangi, msee, umejitengenezea bomu.

Halafu kuna ule mpira mwembamba unaotoka kwenye spea. Usiukate! Kwa Beetle nyingi za miaka ya 1960 na 1970, upepo wa spea ndio unaosukuma maji ya kuosha kioo cha mbele. Hakuna pampu ya umeme. Ndiyo maana spea hiyo hujazwa upepo zaidi ya magurudumu mengine.

Kwa hivyo fanya hivi. Piga picha za buti kabla ya kufungua chochote. Kadibodi ikiwa imeoza, ichore kwanza juu ya nyingine mpya ndipo uitupe. Toa spea, angalia pale inapokaa: maji hutuama hapo na kutu huanzia hapo. Jeki na spana za zamani, weka. Hakuna hata moja ya hizi inayokula doo nyingi, lakini siku ukitaka kuuza, mnunuzi anayejua magari atafungua buti kabla ya kusifu rangi.

Na wufa je? Nyuma ya kiti cha nyuma kuna nafasi nyingine ya mizigo. Tafuta boksi linaloingia hapo, lifunge kwa mkanda, usitoboe bodi. Muziki utapiga, na Beetle ya babu itabaki Beetle.