Mtandao ni Barabara, Tovuti ni Ghala

Apitaye barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma hupita Dakawa, katika Wilaya ya Mvomero. Hapo yapo mashamba ya mpunga yapatayo hekta 2,000, yanyweshwayo kwa maji ya mto Wami. Zamani yalikuwa mali ya NAFCO. Leo yalimwa na wakulima wadogo walioungana katika ushirika. Mpunga ule ni jasho lao. Lakini jasho halilipi ikiwa mnunuzi hamjui mkulima, bali amjua mlanguzi aliyesimama kati yao.

Siku hizi vijana wametambua kwamba simu ya mkononi yaweza kumfikia mnunuzi wa Dar es Salaam bila nauli. Huupiga picha mchele, wakaitia picha hiyo katika Facebook, Instagram au WhatsApp, kisha wakangoja. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Walakini wengi huishia hapo, nao wameigeuza barabara kuwa ghala.

Ndugu wakulima, barabara si mali yenu. Picha iwekwayo kwenye hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. Facebook yenyewe ndiyo iamuayo nani aione habari yako na nani asiione. Tena tarehe 4 Oktoba, 1921 haikuwa, bali mwaka wa 2021 tu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Mfanyabiashara asiyekuwa na mahali pengine alijikuta hana duka.

Tovuti ndiyo ghala lenye mlango wa mwenyewe. Humo huandikwa aina ya mchele, bei ya kilo, tarehe ya bei hiyo, njia ya kusafirisha na simu ya ofisi. Ila ghala lililojificha porini halipati mgeni. Kwa hiyo yatupasa kuitumia barabara kuwaleta watu ghalani.

Kwanza, onyesha kiganja kimoja cha mchele, kisha useme gunia liko wapi. Katika WhatsApp na Facebook andika anwani kamili ya tovuti, kwani huko hufunguka kwa kubonyezwa. Katika Instagram anwani iandikwayo chini ya picha haifunguki; iweke kwenye maelezo ya ukurasa wako. Pili, usiingie barazani kwa kunadi tu. Jibu maswali ya watu, waeleze namna ya kuutambua mchele mpya na wa zamani, aliyefundishwa hurudi. Tatu, ukurasa uwe mwepesi, maana mgeni wako hununua bando kwa fedha yake. Nne, hesabu wageni waliotoka kila mtandao, na wangapi walinunua. Sifa za kubonyeza hazijazi debe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata kizuri hakijiuzi mahali kisipoonekana. Wala kazi hii si ya mtu mmoja. Ushirika umteue kijana mwaminifu, umlipe, naye aandike bei ya kweli na picha ya mchele uliomo ndani ya gunia. Mnunuzi akidanganywa mara moja, hakuna mtandao utakaomrudisha.